Sauti Unayo, Sasa Jifunze Kazi

Kijana anayetaka kuwa mwimbaji akiniuliza aanzie wapi, huwa namuuliza kwanza ana nyimbo ngapi anazoweza kuziimba sasa hivi, amesimama, bila biti, kuanzia ubeti wa kwanza hadi mwisho. Wengi hunitajia idadi ya nyimbo walizorekodi. Si hilo nililouliza. Nawaacha wafikirie, na baada ya ukimya kidogo jibu la kweli huja: moja, labda mbili, na hiyo ya pili kiitikio tu ndicho anachokijua vizuri.

Simlaumu mtu. Siku hizi njia ya kuingia kwenye muziki inapita studio, na studio ni mahali penye huruma nyingi. Mstari ukikushinda unarudia. Ukikushinda tena, prodyuza anachukua neno moja kutoka jaribio hili na pumzi kutoka lile, anaziunga. Ukiteleza nje ya noti kuna programu ya kukunyoosha. Auto-Tune iliingia sokoni mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyezoea kuchambua mawimbi ya sauti ya kutafutia mafuta chini ya ardhi. Sina ugomvi na chombo hicho, hata mimi nimekitumia. Shida yangu ni kwamba kazi inayotoka studio inaweza kuwa nzuri kuliko mtu aliyeifanya, na siku ya shoo anayepanda jukwaani ni yule mtu.

Nasema haya kama mtu aliyekulia nyuma ya jukwaa. Nilianza kama mwitikiaji, sauti ya pili, nimesimama pembeni ya ngoma ambako taa hazifiki. Kazi hiyo haina sifa, na naamini hakuna shule inayoishinda. Mwitikiaji hapati nafasi ya kujisikiliza mwenyewe tu. Lazima asikie sauti ya kwanza inapumua wapi ili naye apumue hapo, asikie irabu inafunguliwa kiasi gani ili asiimbe "a" pana wakati mwenzake anaimba nyembamba, na ajue neno linakatwa lini. Waitikiaji watatu wakimaliza neno lenye "s" kila mmoja kwa wakati wake, spika zinatoa mlio wa nyoka watatu. Tulikuwa na mpiga besi mtu mzima, mtulivu, asiyependa maneno. Mazoezini siku moja alisimamisha wimbo akaniangalia: "Binti, unaimba na sisi au unatuimbia sisi?" Nikamwambia sijaelewa, Mzee. Akaniambia niimbe ubeti mzima huku nikitazama vidole vyake, nisitazame kitu kingine. Nilipofanya hivyo nikagundua kwamba nilikuwa natangulia mdundo kila nilipopanda noti ya juu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuifikia na kuimaliza. Ni jambo dogo sana. Hakuna mwalimu wa sauti aliyekuwa ameligundua, kwa kuwa kwa mwalimu tulikuwa tunaimba na kinanda kinachonifuata mimi.

Tuzungumzie maiki, maana hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa wakidhani sauti ndiyo mbaya. Maiki nyingi za jukwaani, ikiwemo ile Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na ambayo hadi leo huikosi, zimeundwa kusikia mbele na kupuuza nyuma. Ndiyo sababu monita, ile spika inayokurudishia sauti yako, huwekwa sakafuni mbele yako ikielekea nyuma ya maiki. Sasa angalia vijana wanavyoishika: kiganja kimefunika kichwa chote cha maiki, vidole vimekumbatia, kwa sababu wamemwona msanii fulani kwenye video. Ukifunika hapo unaziba vitundu vinavyoifanya ipuuze nyuma. Inaanza kusikia kila upande, inaisikia monita, monita inairudishia, na kabla hujafika kwenye kiitikio spika zimeanza kupiga mluzi. Watu wanaziba masikio, fundi mitambo anakushusha, nawe unamkunjia uso fundi mitambo. Shika mpini. Hakuna siri nyingine hapo.

Umbali nao ni chombo. Ukiwa karibu sana, midomo inagusa waya, sauti inapata uzito wa chini, inakuwa nene na ya siri, nzuri kwa mstari wa kunong'ona. Ukisogea kutoka sentimita 5 hadi 10, nguvu inayofika kwenye maiki inapungua kwa takriban desibeli 6, na ule unene unapungua pia. Kwa hiyo unapoelekea noti kubwa unarudi nyuma kidogo, halafu unarejea. Waimbaji wazoefu wanafanya hivi bila kufikiri, kwa mkono unaotembea sentimita chache. Lakini kuna ugonjwa wa kuirusha maiki hadi usawa wa kiuno kila noti ikipanda, mbwembwe tupu, na watu wa nyuma wanasikia sauti inapotea pale hasa walipotaka kuisikia. Jifunze hili nyumbani. Huhitaji mtambo mkubwa, hata kijiti cha mswaki kinatosha kuufundisha mkono.

Kitu ambacho huwezi kujifunza nyumbani ni kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alieleza tabia ambayo sasa ina jina lake: mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua, na kelele ikitoka hushusha. Mwili wako utafanya hivyo jukwaani utake usitake. Ngoma ziko nyuma yako, gitaa limefunguliwa, monita haisikiki, na wewe, ambaye mazoezini uliimba kwa raha, unajikuta unapiga kelele kuanzia wimbo wa pili. Ukifika wa sita koo limechubuka. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kupima sauti kabla watu hawajaingia, na kumwambia fundi mitambo kwa adabu na kwa uwazi unachotaka: "Kaka, naomba sauti yangu iongezeke kwenye monita, na gitaa lipungue kidogo." Ukisema tu "sisikii" hajui afanye nini. Ya pili ni kujifunza kuimba kwa kuhisi badala ya kusikia: mtetemo kwenye mifupa ya uso, mkazo au ulegevu wa shingo, pumzi inavyotoka tumboni. Siku monita inapokufa katikati ya shoo, na itakufa, hisia hizo ndizo zinazokubakiza kwenye noti.

Kuhusu ufunguo wa wimbo, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani, nina msimamo na sitaubadilisha: rekodi juu kama unapenda, lakini jukwaani shusha. Studio unaimba ile noti ya hatari asubuhi, umepumzika, mara chache, halafu unaenda kwako. Jukwaani utaikuta ikiwa wimbo wa kumi, umeshacheza, umeshasalimia watu, na umekula vumbi la pazia. Nusu noti chini, au noti nzima, hakuna msikilizaji atakayekudai. Noti iliyopasuka wataikumbuka, na siku hizi wataisambaza pia. Waimbaji wakubwa wanaodumu hushusha kadiri umri unavyosogea, na bendi zao zinajua hivyo bila kuona aibu.

Hesabu kidogo itaeleza kwa nini. Noti ya La wanayolinganishia vyombo ina mitetemo 440 kwa sekunde. Mwanamke akiishikilia kwa sekunde nne tu, nyuzi zake za sauti zimekutana na kuachana mara 1,760. Hizo ni tishu mbili ndogo ambazo urefu wake haufiki hata sentimita tatu. Piga hesabu ya wimbo mzima, ya shoo nzima, ya wiki yenye shoo tatu, halafu ongeza maongezi ya baada ya shoo ukumbini, muziki ukiwa bado unapigwa na wewe unapaza sauti ili shabiki akusikie. Nikisema ukweli, maongezi yale yameua sauti nyingi kuliko noti za juu.

Maji watu wanayazungumza sana. Kunywa, ndiyo, lakini jua kwamba maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Yakipita huko utapaliwa. Yanasaidia mwili mzima kuwa na unyevu, na hilo linachukua muda, kwa hiyo chupa uliyoimaliza dakika tano kabla ya kupanda inakupa hamu ya kwenda msalani tu. Mvuke ndio unaofika pale penyewe. Kuimba kupitia mrija, yaani kutoa sauti huku mrija wa kunywea ukiwa mdomoni, ni zoezi ninalolifanya kila siku ya kazi. Mgandamizo wa hewa unaorudi nyuma unazisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Kunong'ona si kupumzisha sauti, kwa wengi kunaikaza zaidi. Kukohoa kohoa kusafisha koo ni kuzipiga nyuzi makofi. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili tatu, usitafute tangawizi, tafuta daktari wa masikio, pua na koo akuangalie ndani. Adele alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 2011 akarudi kuimba. Julie Andrews alifanyiwa wake mwaka 1997 na sauti yake ya uimbaji haikurudi ilivyokuwa. Upasuaji hauahidi kitu.

Sasa hofu. Nimeshasikia kila dawa ya hofu ya jukwaa na nyingi ni porojo. Kuna moja niliyoielewa kwa sababu ilipimwa kwa watu waliokuwa wanaimba kweli. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambamo watu waliopaswa kuimba mbele ya mtu waliambiwa kwanza waseme hali fulani ya moyo: wengine kwamba wana wasiwasi, wengine kwamba wana msisimko. Waliosema wana msisimko waliimba kwa usahihi kuliko waliosema wana wasiwasi. Moyo ukishaanza kwenda mbio hauamriwi kusimama, ila unaweza kuupa sababu nyingine ya kwenda mbio. Mimi naongeza la kiufundi: hofu inafupisha pumzi, basi usifungue shoo na wimbo wenye mistari mirefu. Fungua na wimbo wa mistari mifupi, ufunguo wa katikati, ambao ungeuimba hata ukiamshwa usingizini. Wimbo mgumu uweke wa tatu au wa nne, mwili ukiwa umeshapata joto na bado haujachoka. Watu wanapenda kuuweka wa mwisho ili wamalize kwa kishindo. Mara nyingi kishindo chenyewe kinageuka kuwa kikohozi.

Na kusahau maneno? Utasahau. Barbra Streisand alisahau maneno kwenye onyesho la mwaka 1967 huko Central Park, New York, mbele ya umati mkubwa kupindukia, na baadaye alieleza kwamba tukio lile lilimfanya akwepe majukwaa ya kulipiwa kwa miaka mingi. Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi, naye alisahau, Berlin, mwaka 1960, akatunga maneno yake papo hapo huku bendi ikiendelea, akajitania ndani ya wimbo kwamba anauharibu. Rekodi ya usiku ule ikamletea tuzo ya Grammy. Sisemi Ella alikuwa bora kuliko Streisand, kila mtu na mwili wake. Ninachokiona ni kwamba Ella alikuwa ametumia miaka na miaka kubuni sauti juu ya mdundo bila maneno, kwa hiyo maneno yalipotoka yeye alibaki na mdundo mkononi. Hicho kinafanyiwa mazoezi. Sisi kwenye bendi tulikuwa tunacheza mchezo: mtu mmoja anapewa ruhusa ya kumpigia kelele mwimbaji katikati ya ubeti, kumvuta nguo, kuangusha kiti, na mwimbaji haruhusiwi kusimama. Mwanzoni ni kicheko kitupu. Baada ya muda unaweza kuangushiwa stendi ya maiki miguuni na bado ukaingia kwenye kiitikio kwa wakati.

Eneo lililosahaulika kuliko yote ni ule muda kati ya wimbo na wimbo. Mpiga gitaa analinganisha nyuzi, na mwimbaji amesimama na maiki, hajui aseme nini, anauliza "Mko poa?" mara ya nne. Andaa maneno. Si hotuba, sentensi mbili tatu kuhusu wimbo unaofuata, au ukimya wa makusudi ambao unaonekana ni wa makusudi. Na jirekodi. Sauti yako kwenye rekodi itakuchukiza mwanzoni kwa sababu umezoea kujisikia kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, wengine wanakusikia kupitia hewa peke yake. Zoea. Ile wanayoisikia wao ndiyo unayoiuza.

Nimesema kuuza, basi niseme na pesa. Hapa nitakuwa mkali.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa siku ile. Wenye mali hizo wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Watunzi walipata ulinzi wa kimataifa tangu Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Sisi waimbaji, kama watendaji tu, tulisubiri hadi Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, na haki zetu ndizo zinazoitwa hakishiriki. Tofauti ya miaka 75 inakuonyesha mwimbaji amekuwa akiwekwa wapi kwenye foleni. Kila rekodi inayosambazwa inapaswa kuwa na namba ya ISRC, yaani namba ya kuitambulisha rekodi hiyo, herufi na tarakimu 12, na jina lako liandikwe sawasawa kwenye taarifa zake. Hiyo si karatasi ya kumwachia prodyuza akumbuke. Darlene Love aliimba sauti ya kwanza kwenye wimbo uliofika namba moja Marekani mwaka 1962, na jina lililoandikwa kwenye sahani ya santuri lilikuwa la kundi jingine.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka studio, andikeni nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, wote mtie sahihi. Ni dakika kumi. Mkiwa bado hamna senti ni rahisi, kila mtu ni rafiki. Wimbo ukishapendwa, aliyependekeza neno moja kwenye kiitikio atakumbuka kwamba alitunga nusu. Na ukiletewa mkataba, soma kwanza sehemu tatu: nani anamiliki masta, yaani ile rekodi yenyewe, unafungwa kwa muda gani au kwa albamu ngapi, na kama wanachukua fungu kwenye mapato ya shoo pia. Advansi inawapofusha wengi. Kwa kawaida ni fedha zako mwenyewe ulizotangulia kupewa, zitakatwa kwenye mrabaha wako, yaani fungu lako la mapato ya wimbo, hadi ziishe ndipo uanze kuona kitu. Wanasheria ni ghali, nakubali. Mkataba mbaya wa miaka mitano ni ghali zaidi.

Mengine ya kujenga jina, picha, kurasa za mitandaoni, mavazi, wapo wanaoyajua kuliko mimi. Nitasema moja tu nililoliona kwa macho. Waimbaji walioitwa tena na tena kwenye kazi hawakuwa wenye sauti kubwa kuliko wengine. Walikuwa wanafika kwa wakati, wamejifunza nyimbo kabla ya mazoezi ya kwanza, wanajua majina ya mafundi, na wakiumwa wanasema mapema ili mtu mwingine atafutwe. Viongozi wa bendi wana simu fupi sana: "Nani yupo, na hana maneno mengi?"

Mimi nina maneno mengi, ila nayatanguliza. Nikiitwa shoo nauliza saa ya kupima sauti, monita ziko ngapi, nani anasimamia mitambo, naimba dakika ngapi, usafiri wa bendi uko kwa nani, na nusu ya malipo inaingia lini. Yote kwa maandishi. Promota mmoja aliwahi kunijibu kwamba maswali yangu ni mengi kuliko nyimbo zangu. Nusu ya pesa aliituma jioni ile ile, na monita tulizikuta mbili.